Beethoven mjini Tanga: panga kwa kusi, si kwa tarehe

Mwaka 2027 itatimia miaka 200 tangu mtunzi wa muziki Beethoven afariki huko Vienna, na walimu wenzangu wa piano wameshaanza kuulizana watafanya nini. Kama uko Tanga, achana na tarehe yenyewe. Alifariki 26 Machi 1827. Mwaka 2027 siku hiyo ni Ijumaa Kuu, kwaya zina shughuli zake, na masika yameshabisha hodi. Masika na piano havipikiki chungu kimoja. Mbao zinavimba, sauti inahama, halafu kuna kile kibao cha katikati ukikibonyeza kinabaki chini, mpaka ukinyanyue kwa ukucha. Chumvi ya bahari nayo haina haraka, inakula nyaya kidogo kidogo, na piano ina nyaya zipatazo 230.

Peleka msimu wako wa maonyesho Julai na Agosti. Kusi linavuma, joto limepungua, piano imetulia. Fundi wa kutyuni aje siku chache kabla, na arudi asubuhi ya onyesho kama mfuko unaruhusu. Piano isikae dirishani, hata kama bahari inaonekana na picha zitapendeza.

Wengi hushikwa na tamaa ya kupiga sonata zake zote 32 za piano, yaani tungo za sehemu kadhaa. Huo ni muziki wa zaidi ya saa 10, waachie wenye kumbi kubwa za Ulaya. Mimi hupanga saa moja bila mapumziko: tunaanza saa 11 jioni, watu wanatoka kabla ya adhana ya magharibi. Jua bado lipo na piano haitumii umeme, kwa hiyo ukikatika hakuna anayejua. Sonata ya Opus 49 namba 2 mpe mwanafunzi aanze nayo, ina sehemu mbili tu. Sonata yake iitwayo Pathétique iwe ya mwisho. "Für Elise" usiionee haya. Nusu ya ukumbi wanaijua kutoka kwenye mlio wa simu, na hapo ndipo wanapokaa sawa kusikiliza.

Sasa makofi. Wapo waandaaji wanaokataza watu kupiga makofi kabla sonata haijaisha. Jamani, huu ni mji wa vikundi vya taarabu vya Black Star na Lucky Star, mtu akiguswa anainuka kutuza! Na enzi za Beethoven makofi katikati yalikuwa jambo la kawaida. Mwaka 1813 Vienna walidai sehemu ya pili ya Simfonia yake ya Saba irudiwe palepale. Nimewahi kumwona mama mmoja akijongea mbele na kanga yake, akaweka noti ya elfu mbili juu ya piano, ile sehemu ya polepole ya Pathétique ikiwa bado inaendelea. Kijana aliyekuwa akipiga alipotea kidogo, akacheka, akaendelea. Sikuona kosa la mtu.

Kiingilio kiwe kidogo, wanafunzi bure. Fundi alipwe kwanza, mabango baadaye. Na ukumbi ulipie mapema, maana wenye harusi nao wanaitaka miezi hiyohiyo.