Kutega wanyama wa msituni na kuuza ngozi: jibu kutoka kwa mnunuzi wa ngozi Nakuru

Kwa wasioliona swali: kijana wa Elburgon ametazama video za Wamarekani wanaotega rakuni, biva na koyote majira ya baridi, wanawachuna na kupeleka ngozi mnadani. Yeye anaishi karibu na msitu wa Mau, waya za mitego anazo, na marehemu babu yake aliacha ngozi mbili za mbega. Anauliza mnunuzi yuko wapi na bei ikoje.

Ndugu yangu, mimi hununua ngozi kwenye mabucha ya Njoro, Molo na Rongai, na hiyo ndiyo inayolipa karo za watoto wangu. Mnunuzi wa ngozi za mwitu utampata, tena upesi. Atakupigia yeye mwenyewe, atataja bei kubwa kabla hujafungua mdomo, hatauliza ngozi ilikaushwaje wala ina matundu mangapi, na atataka mkutane hotelini au kituo cha mafuta. Huyo si mfanyabiashara. Mtu wa ngozi kwanza huigeuza upande wa nyama aikague, ndipo aanze kulalamika kuhusu bei. Anayekubali kila kitu ni afisa wa KWS, shirika la serikali la wanyamapori, na wenzake wako kwenye gari la pili. Fuatilia kesi za ngozi za chui mahakamani uone ni ngapi zilianza na simu ya namna hiyo.

Uwindaji ulipigwa marufuku Kenya mwaka 1977, na mwaka uliofuata biashara ya nyara, yaani ngozi, pembe na sehemu nyingine za wanyamapori, ikafungwa. Sheria ya Wanyamapori ya 2013, kifungu cha 95, inasema ukikutwa na nyara bila kibali, au ukiiuza, au ukitengeneza kitu kutokana nayo, faini haipungui shilingi milioni moja au kifungo hakipungui miaka mitano, au vyote viwili. Upande wa mashtaka hauna haja ya kuthibitisha kwamba ulitega wewe. Kwa wanyama walio hatarini kutoweka, adhabu inapanda zaidi ya hapo. Kwa hiyo zile ngozi za babu usizipige picha kuweka WhatsApp, na usizipakie kwenye matatu ukitafuta wa kuzinunua. Ziache zilipo, mwone chifu, kisha uende ofisi ya KWS ukaeleze ni mali ya marehemu na uulize utaratibu. Ukiweza kwenda na wakili, bora zaidi. Najua wazee wa jamii nyingi huku magharibi huvaa mbega kwenye sherehe, na najua inauma kuambiwa urithi wa babu yako ni kesi. Lakini hakimu hatakuuliza inauma vipi.

Tuseme sheria haipo. Bado hutatajirika. Manyoya mazito hutokana na baridi kali. Kule Marekani mnyama huotesha manyoya mafupi ya ndani, mengi na laini, kabla theluji haijaanza, na mtegaji anasubiri hadi yakomae. Akichuna mapema, upande wa nyama unakuwa na mabaka ya rangi ya samawati, maana mizizi ya nywele bado inafanya kazi, na mnadani bei inashuka. Mau kuna baridi ya kuvaa koti, sawa, lakini si ya miezi minne ya barafu. Pimbi wa Mau ndiye mwenye manyoya ya maana kidogo, na Waogiek, wenyeji wa msitu huo, walishona mavazi kwa ngozi zake tangu zamani. Walivaa wenyewe.

Na hao Wamarekani unaowaonea wivu, wengi wao sasa wanatega kwa mapenzi tu. Kampuni ya mnada ya North American Fur Auctions, iliyokuwa na mizizi kwenye biashara ya manyoya ya kampuni ya Hudson's Bay ya tangu 1670, iliomba ulinzi dhidi ya wadai wake mwaka 2019. Mwaka huohuo jimbo la California lilipitisha sheria ya kuzuia uuzaji wa bidhaa mpya za manyoya, ikaanza kutumika 2023. Kwenye video huonyeshwi petroli aliyochoma wala siku alizorudi na mtego mtupu.

Kama kilichokuvutia ni kazi yenyewe ya ngozi, anza na sungura. Usimchukue wa miezi mitatu wa kuuza nyama. Ngozi yake ni karatasi na nywele zitang'oka. Ngoja afikishe miezi sita hivi, na apuliziwe manyoya kwanza: yakiwa yanapukutika mkononi, mwache amalize kubadili manyoya. Ukishamchinja, kata kuzunguka miguu ya nyuma, unganisha mikato miwili chini ya mkia, halafu vuta ngozi yote kuelekea kichwani kama unavyovua soksi. Kisu kiguse pale tu inapogoma. Sasa tazama upande wa nyama. Ukiona mabaka yale ya samawati niliyosema, hiyo umepata ya kujifunzia, si ya kuuza. Ikiwa nyeupe sawasawa, iwambe kwenye fremu ya fito, uikaushe kivulini. Juani itaiva kwa nje huku ndani inaoza. Kuilainisha ni chumvi na shabu, siku kadhaa, kisha kuivuta na kuivuta tena inapokauka hadi mikono iume. Hapo ndipo wengi huacha. Anayevumilia huuza kofia, vitambaa vya kiti na viatu vya watoto, si ngozi ghafi.

Kondoo na mbuzi ni kazi ya wingi. Bei ya ngozi mbichi ni mbaya. Kuna mabucha wanaozitupa au kumpa mbwa, ukweli ndio huo. Lakini nusu ya hasara inatoka kwenye kisu cha mchinjaji. Ngozi ya mbuzi inataka ngumi, si makali: ukishafungua tumbo, sukuma ngumi kati ya ngozi na nyama, inaachia yenyewe. Tundu moja la kisu katikati ya mgongo linaishusha daraja. Chumvi ya mawe ipakwe siku hiyohiyo, kilo moja kwa ngozi ya kilo tatu hivi, kingo na shingo zisiachwe. Ya kesho yake tayari inanuka.

Usikimbilie ngozi ya punda hata ukisikia bei. Machinjio yalipofunguliwa Naivasha na Mogotio, wezi wa punda walienea vijijini, na Februari 2024 Umoja wa Afrika ukaizuia biashara hiyo.

Ukiamua kununua na kuuza, chukua leseni ya mnunuzi chini ya Sura ya 359, sheria ya biashara ya ngozi, na karatasi ya kusafirisha kutoka ofisi ya mifugo, kwa sababu gunia la ngozi barabarani halifichiki, harufu inafika kwenye kizuizi cha polisi kabla yako. Na zile waya za mitego, kunja uzitumie kuwambia ngozi za sungura.