Kuhusu maziwa na kilio cha mjukuu wangu

Mwanangu mpenzi,

Nimeusoma ujumbe wako mara mbili, mara ya pili kwa miwani. Unauliza kama uache maziwa ya ng'ombe, kwa kuwa mtoto analia kila jioni, mashavu yamejaa ukurutu, na juzi umeona ute na nyuzi za damu kwenye nepi. Halafu mwishoni, kama jambo la kupita tu, unasema mama mkwe wako anaona maziwa yako hayamfai mtoto, umwachishe ziwa apewe ya kopo. Nitaanza na hilo, maana ndilo lililoninyima usingizi.

Maziwa ya mama hayaharibikii kifuani. Nililisema hili kabla hujazaliwa na nitalisema mpaka mnizike. Kama ni mzio kweli, kinachomsumbua ni protini ya maziwa ya ng'ombe uliyokula wewe, ikapita kwenye damu yako ikafika kwenye ziwa, tena kidogo mno. Sasa hayo ya kopo yametengenezwa kwa nini? Mengi ni ya ng'ombe huyo huyo! Mtoto anayedhurika na chembe, unampaje chupa nzima? Yapo maalumu, ambayo protini yake imevunjwavunjwa, lakini hayo huandikwa na daktari, si na mkwe.

Kisa cha kaka yako na shangazi yenu unakijua, ila unakijua kwa kicheko cha baba yenu. Mimi sikucheka. Kaka yako alikuwa akianza kulia jua likizama, anakunja miguu, uso mwekundu. Shangazi, aliyekuja kuniuguza, akasema mbele ya wageni: "Huyu ziwa lake limeoza." Nilikuwa nimempakata mtoto, vifungo vya gauni viko wazi. Baba yenu akainama kutafuta stesheni kwenye redio iliyokuwa imezimwa. Nikakatazwa maziwa, kisha mayai, kisha samaki, nikabaki mifupa.

Usiku mmoja, wote wamelala, nikaingia jikoni nikapasha maziwa. Kikombe kikubwa, utando juu. Nikayanywa nimesimama, taa sikuwasha. Nikamnyonyesha kaka yako, nikangoja. Hakuzidisha kilio wala hakupunguza. Usiku uliofuata nikarudia, na uliofuata pia. Kisha kilio kikaisha chenyewe, kama kinavyoisha kwa watoto wengi: hupanda hadi karibu wiki ya 6, kikaanza kushuka, na kufikia miezi 3 au 4 nyumba imetulia. Shangazi akatangaza: "Mmeona? Tangu aache maziwa!" Nami usiku uliopita nilikuwa nimekomba sufuria. Utamu wa siku ile sijausahau, na lile neno "limeoza" pia sijalisahau.

Lakini nisikuleweshe kwa visa vyangu. Kaka yako hakuwahi kutoa damu, ngozi yake ilikuwa safi, na alinenepa. Wako ana ukurutu na ana damu. Mdomo unaniwasha nikuambie unywe tu maziwa yako, hamna kitu. Ila damu si kilio. Kisha najijibu mwenyewe: nyuzi chache za damu kwa mtoto mchangamfu anayeongezeka uzito mara nyingi si hatari, na huweza kutokana hata na mchubuko mdogo kwenye njia ya haja kubwa. Nikifika hapo narudi nilikoanza. Basi hukumu siitoi, ingawa ninayo. Mpeleke kwa daktari wiki hii, na nepi yenyewe uifunge uende nayo, au uipige picha.

Akikuambia ujaribu kuacha, acha kwelikweli, wiki 2 hadi 4. Siagi, jibini, mtindi, na yale yaliyojificha kwenye biskuti na mikate. Soma maandishi ya pakiti. Usikimbilie ya mbuzi, protini zake zinafanana mno na za ng'ombe. Muulize pia kuhusu kalisiamu na vitamini D, usije ukabaki mifupa kama mimi. Kisha, na hapa ndipo watu wanapokwepa, uyarudishe. Dalili zikirudi, mmejua. Zisiporudi, yalikuwa ni mambo ya umri tu, na hakuna sababu ya kujinyima. Usiporudisha utabaki kuamini kama shangazi alivyoamini hadi leo. Na hata ikithibitika kuwa ni mzio, hilo si la kukuachisha kunyonyesha; utaendelea bila maziwa ya ng'ombe, na watoto wengi huuacha mzio huu wakiwa bado wadogo.

Mumeo naye anasema ni laktosi, ile sukari ya maziwa. Mwambie kwa adabu kwamba laktosi imo kwenye maziwa yako, gramu 7 hivi katika kila mililita 100, hata usipoonja ya ng'ombe maisha yako yote. Ukiacha maziwa haipungui. Na mtoto kuzaliwa hawezi kuimeng'enya ni jambo la nadra sana. Anachanganya sukari ya maziwa na protini yake. Wengi wanachanganya, hata wasomi.

Mtoto akivimba midomo, akitoka mabaka ghafla au akipumua kwa shida, usiniandikie. Kimbia hospitali.

Mama mkwe wako msalimie. Usimjibu, niachie mimi. Na mkitoka kliniki nipigie, unisomee uzito kwenye kadi wewe mwenyewe. Mumeo huwa anaongeza gramu.

Mama yako