Msanii Ukitaka Kuchambua Siasa, Jifunze kwa Mama Yake Fela

Tangu nilipoacha bendi nikaanza kuchambua siasa redioni hapa Mombasa, wanamuziki wachanga hunitafuta wakitaka kujua pa kuanzia. Wana sauti, wana mashabiki, na hasira yao ina sababu. Baadhi yao wamelelewa kama nilivyolelewa mimi: babu yangu alikuwa kuli bandarini, mmoja wa wafanyakazi wapatao 15,000 waliogoma mji huu Januari 1947, na mama yangu hakuna ushuru wa soko uliopandishwa asiuandamie. Mtoto wa nyumba kama hiyo huona siasa ni mali ya urithi. Akishika kipaza sauti humtaja Fela Kuti, mwanamuziki wa Nigeria aliyewakosoa watawala kwa nyimbo zake, kwamba naye atakuwa kama Fela. Mimi humwambia aanze na aliyemzaa Fela.

Mama huyo, Funmilayo Ransome-Kuti, alizaliwa Abeokuta, mji wa Nigeria, mwaka 1900. Mumewe, Mchungaji Israel, alikuwa rais wa kwanza wa chama cha walimu cha Nigeria kilichoundwa 1931. Mwaka uliofuata Funmilayo alianzisha klabu ya wanawake waliosoma, wake wa watu wenye heshima zao. Baadaye wakaingia wachuuzi wa sokoni. Walikuja kujifunza kusoma, na papo hapo wakaeleza jinsi mchele wao unavyonyang'anywa na maafisa bila malipo ya haki. Klabu ikageuka kuwa Umoja wa Wanawake wa Abeokuta mwaka 1946, na ugomvi wake mkubwa ulikuwa kodi. Waingereza walitawala kupitia mfalme wa pale, Alake Ademola wa Pili. Wanawake walitozwa kodi, lakini hawakuwa na kiti palipoamuliwa kodi hiyo.

Sasa wewe mwanamuziki nisikilize hapa. Wanawake wale waliimba. Walikusanyika kwa maelfu mbele ya jumba la Alake wakamwimbia nyimbo za matusi, nyimbo ambazo wengi wetu tusingethubutu kuzipiga redioni. Walipokatazwa kuandamana, walisema wanaenda mandari. Lakini wakati wengine wakiimba, kulikuwa na karatasi. Mwaka 1947 umoja wao uliandika malalamiko yake yote, na pamoja nayo ukaandika la kufanya: kampuni za kigeni zitozwe kodi, fedha ziende kwenye usafiri, usafi na elimu, na mamlaka ya mtu mmoja ivunjwe iwekwe serikali ya uwakilishi yenye wanawake ndani. Januari 1949 Alake aliachia kiti cha ufalme.

Wimbo uliwaleta watu, na karatasi ikawapa cha kudai. Msanii anayeingia kwenye uchambuzi anajua la kwanza tangu zamani. Linalomshinda ni la pili. Wimbo una ruhusa ya kusema “wakubwa wanatula” ukaishia hapo, na watu wakaucheza kwa sababu wanaujua ukweli huo mwilini mwao. Ukisema hivyo hivyo kwenye kipindi cha asubuhi, mgeni wako kutoka serikalini atatabasamu, atakuuliza ni nani, kiasi gani, lini, na wewe utabaki na sauti nzuri tu.

Nikupe mfano wa kazi yangu. Wanawake wa soko moja hapa pwani walilalamika kwamba ada ya meza imezidi. Ningeweza kutunga maneno makali, nayo yangesambaa. Badala yake nilichukua Sheria ya Fedha ya kaunti, ambayo hupitishwa na bunge la kaunti na ndiyo yenye jedwali la kila ada, nikasoma kiwango kilichoandikwa. Kisha nikawaomba wasikilizaji wapige simu wasome risiti zao hewani: tarehe, kiasi, na kilichoandikwa kuwa ndiyo sababu ya malipo. Mmoja alisoma, wa pili akasoma, wa tatu akasema yeye hapewi risiti kabisa. Sikumwita mtu yeyote mwizi. Afisa aliyekuwa studioni alilazimika kueleza tofauti kati ya jedwali na risiti, na kila mchuuzi aliyekuwa na redio karibu alijua siku hiyo anapaswa kulipa nini. Hakuna wimbo wangu hata mmoja uliowahi kumsaidia mama mboga kiasi hicho, na nyimbo zangu nazipenda.

Kwa hiyo soma. Ripoti za Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali ziko wazi kwa umma, na za Msimamizi wa Bajeti pia, kaunti kwa kaunti. Zinachosha. Anza na kaunti yako pekee, na ndani yake sekta moja unayoijua kwa miguu yako: soko, zahanati, maji. Ukikutana na mamilioni, yagawe hadi yawe ya kituo kimoja au ya kaya moja, ndipo uyapeleke hewani.

Fela mwenyewe alifanya uchambuzi, jambo ambalo wengi hawalijui. Pale klabuni kwake Lagos alisimamisha muziki akazungumza siasa kwa muda mrefu na watu wakabaki. Miaka ya 1970 alinunua nafasi za matangazo kwenye magazeti kama Daily Times na Punch, akachapisha humo maoni yake chini ya jina “Chief Priest Say”, ili wahariri wasiyakate. Jifunze hilo kwake: uwe na mahali pako pa kusemea, hata kama ni padogo, kwa kuwa kituo kinachokuajiri leo kina matangazo ya serikali ya kulinda.

Na pesa. Msimu wa kampeni ukifika utaitwa kuimba mikutanoni, na malipo yake yanazidi mshahara wa redio. Siwezi kumlaumu msanii anayelisha watoto. Ila ukishaimba kwa mgombea, usikae tena studio kumchambua yeye wala mpinzani wake. Chagua moja, na ulichague kabla ya bahasha kufika, maana ikifika mezani tayari mko wawili mnaoamua.

Sasa la uchungu. Mwaka 1976 Fela alitoa wimbo uliowadhihaki wanajeshi. Tarehe 18 Februari 1977 askari wapatao 1,000 waliivamia nyumba yake, Kalakuta, wakapiga watu, wakadhulumu wanawake, wakachoma moto. Mama yake, mwenye umri wa miaka 76, alitupwa kutoka dirishani. Hakupona tena sawasawa, akafariki Aprili 1978. Tume iliyochunguza ilisema nyumba iliharibiwa na askari asiyejulikana.

Lawama ni ya waliotuma askari na waliotumwa. Hata hivyo mchambuzi aliye na familia hana budi kujiuliza nani anaishi chini ya dari lake, na kama wamekubali. Mimi kabla ya kugusa jambo zito nazungumza na mama na mke wangu. Wakili anajua siku ya kipindi. Watoto hawatajwi hewani, wala shule yao. Sheria nazo nazijua: Kifungu cha 33 cha Katiba kinalinda uhuru wa kusema lakini hakilindi uchochezi wa chuki, sheria ya uwiano na utangamano ya 2008 inaadhibu matamshi hayo, na ile ya makosa ya mitandao ilipotungwa 2018 iliweka adhabu kali kwa kuchapisha habari za uongo. Ukiwa na karatasi mkononi, huna haja ya kukaribia mipaka hiyo.

Jina la ukoo halitakufanyia kazi hii. Tazama nyumba ile ile ya Kuti. Mama aliwatetea wanawake maisha yake yote, na mtoto, mwaka 1978, alioa wanawake 27 kwa siku moja. Naupenda muziki wa Fela tangu ujana wangu, na bado nasema katika suala la wanawake hakumfuata mama yake. Ndugu zake wawili walikuwa madaktari: Olikoye alikuwa waziri wa afya ndani ya serikali ya kijeshi, Beko alifungwa na serikali ya kijeshi kwa kutetea demokrasia. Sidhani kuna meza nyingine Afrika iliyokuwa na mabishano kama ya nyumba ile.

Ndiyo maana nina kanuni kuhusu jamaa. Binamu yangu anafanya kazi katika idara ya kaunti. Kipindi kikigusa idara hiyo, nalisema hilo mwanzoni, kabla hajalisema mpiga simu. Olikoye alifanya kubwa zaidi. Fela alifariki tarehe 2 Agosti 1997, na kesho yake kaka huyu alisimama mbele ya waandishi akatangaza kwamba Ukimwi ndio uliomuua mdogo wake, wakati ambapo familia nyingi, za wakubwa kwa wadogo, zilikuwa zikificha. Ukweli unaowadai wenye mamlaka aliutoa kwanza nyumbani kwake.

Kama bado unataka kazi hii, wiki hii andika barua moja. Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na sheria ya 2016 inaitaka ofisi ijibu ndani ya siku 21. Omba kitu kidogo: mkataba wa kukarabati choo cha soko lenu, au orodha ya dawa zilizoletwa zahanati. Taja tarehe, taja kituo, weka nakala yenye muhuri wa kupokelewa. Siku zikipita bila jibu, peleka nakala hiyo ofisi ya Ombudsman, inayopokea malalamiko dhidi ya ofisi za umma, kisha njoo nayo kipindini tuisome pamoja.