Plastiki iliyoyeyuka bado ina kumbukumbu

Mwaka wangu wa kwanza maabara nilipoteza karibu wiki tatu kwa kuogopa kupandisha joto. Nilikuwa napima polipropilini, aina ya plastiki, kwenye kalorimita, mashine inayopima joto ambalo sampuli inachukua au kutoa: naiyeyusha, naipoza nyuzi 10 za Selsiasi kwa dakika, naangalia inaganda kwenye joto gani. Leo 113, kesho 124, keshokutwa 119, na punje ni za mfuko uleule. Nililaumu mizani, nikalaumu mashine, nikafika hadi kumshuku jirani yangu wa mezani kwamba kachafua sampuli. (Nilimwomba radhi baadaye.)

Polipropilini ya kawaida huyeyuka kwenye nyuzi 160 hadi 165 hivi. Mimi nilikuwa naishia 168, siku nyingine 170, nisije nikaiunguza. Grafu ilikuwa imesharudi kwenye mstari wake, basi nikaamini hakuna fuwele iliyosalia.

Fundi wa maabara, mzee wa maneno machache, aliniuliza: "Mwanangu, asali ikiganda ukaipasha kwenye maji ya uvuguvugu mpaka ikang'aa, hukaa siku ngapi kabla haijaganda tena?" Si nyingi, huganda upesi. Ndani yake hubaki chembe zisizoonekana kwa jicho, na sukari hujishikiza hapohapo.

Polima, yaani molekuli ndefu kama minyororo zinazounda plastiki, nayo ni hivyo. Ukivuka kiwango cha kuyeyuka kwa nyuzi chache tu, hubaki vipande vidogo mno vya fuwele, au minyororo ya molekuli iliyopangana ambayo haijatawanyika. Kazi ngumu katika kuganda ni kuanzisha kiini, chembe ya kwanza ya fuwele. Hapa viini tayari vipo, na hivyo ndivyo kumbukumbu ya plastiki, kwa hiyo kuganda kunaanza mapema, joto likiwa bado juu. Mwaka 1993 Fillon na wenzake walionyesha kwa polipropilini kwamba joto la kuganda linaweza kusogea zaidi ya nyuzi 20 kwa njia hii, bila kuongeza dawa yoyote. Chini ya hadubini utaona vidonge vya fuwele vingi na vidogo badala ya vichache vikubwa.

Kwa hiyo, ili kufuta kumbukumbu ya polipropilini, fika 220, kaa dakika 5, gesi ya naitrojeni ikipita ili sampuli isiliwe na oksijeni. Ukiona 168 haitoshi, usidhani kuiacha humo kwa muda mrefu kutaponya. Joto ndilo linaloamua zaidi kuliko saa. Na kama una mashaka, futa kumbukumbu kwanza, kisha jaribu 180, 175, 170, 165, ukifuta upya kila mara. Pale joto la kuganda linapoanza kupanda ndipo viini vinaposalia. Ukishuka zaidi, kwenye kuyeyusha tena utaona kilele cha ziada upande wa joto kubwa: hizo ni fuwele ambazo hazikuyeyuka, zikanenepa.

Ila usinakili 220 yangu kwa kila plastiki. Asidi ya polilaktiki ikiwa na unyevu, joto hilo litaikatakata minyororo. Ikaushe kwanza, na usiiache humo ukaenda kunywa chai.