Nimelipia filta mpya, nikakuta ya zamani bado imo. Je, nibaki na spana yao?

SWALI

Assalaam alaykum warahmatullah, Sheikh. Gari yangu ingali ndani ya dhamana, kwa hiyo servisi naifanyia kwa wakala aliyeniuzia hapa Dar es Salaam. Safari hii ilikuwa servisi kubwa: oili, filta ya oili, eya klina, filta ya AC na kusafisha breki. Nikalipa shilingi 620,000, nikapewa risiti na karatasi ya kazi yenye tiki kwenye kila mstari. AC ikawa bado inatoa harufu ya vumbi. Fundi wa mtaani kwetu akafungua droo ya dashibodi, akaichomoa filta mbele yangu: ni ile ile, nyeusi, imejaa majani makavu ya mwarobaini, maana gari hulala chini ya mti huo. Tulipofungua boneti tukakuta spana ya racheti imesahauliwa pembeni mwa betri. Niliporudi kwao, kijana wa mapokezi akasema faili limeshafungwa, lakini watanipunguzia servisi ijayo. Oili nayo wameniuzia karibu mara mbili ya bei ya Kariakoo. Naomba kujua: pesa ile ni halali kwao? Naweza kubaki na spana badala ya haki yangu? Nataka kuwaandikia ndugu kwenye kundi la WhatsApp la msikiti wetu wajihadhari, mke wangu ananiambia huko ni kusengenya. Na hilo punguzo, nilikubali?

JIBU

Waalaykum salaam warahmatullahi wabarakatuh. Alhamdulillah, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na maswahaba zake.

Ndugu yangu, umeniuliza bila kunitajia jina la kampuni, na umefanya vyema. Fatwa haihitaji jina.

Tuanze na fedha. Mlichofunga pale mapokezi ni mikataba miwili ndani ya karatasi moja. Upo uuzaji: oili na filta umenunua, zimekuwa zako tangu mlipokubaliana bei. Na ipo ijara: kazi ya fundi ya kufungua, kufunga na kusafisha. Kila mstari wa karatasi ile una thamani yake. Oili kama ilibadilishwa, pesa ya oili ni halali yao, hata wakiwa wamekukosea kwenye filta. Filta ambayo haikuwekwa, thamani yake pamoja na ujira wa kuifunga haikuwahi kuwa yao. Ni deni lako juu ya kampuni, na litabaki deni mpaka walipe, waifunge, au wewe uwasamehe kwa hiari yako. Mwenyezi Mungu ametukataza kuliana mali kwa batili katika Suratun-Nisaa aya ya 29, na akaifungua Suratul-Mutaffifin kwa kuwaapiza wale ambao wakijipimia kwa watu hutaka kijae, na wakiwapimia watu hupunja. Kibaba na mizani ni mfano uliokuwepo sokoni wakati ule. Tiki iliyowekwa mbele ya kazi ambayo haikufanyika ni upunjaji ule ule.

Mtume (s.a.w.) alipita sokoni kwenye lundo la chakula, akatia mkono ndani, vidole vikakuta umajimaji. Akamuuliza mwenyewe, akajibu kuwa mvua ilikinyea. Akamwambia: mbona hukuweka kile kilicholowa juu watu wakakiona? Kisha akasema kuwa mwenye kughushi si katika sisi. Hadithi hii ameipokea Muslim. Angalia kwamba yule muuzaji hakusema neno lolote la uongo. Alificha tu. Sasa huyu aliyeficha na juu yake akaandika kwa kalamu kuwa amebadilisha, yuko wapi?

Kuhusu fundi mwenyewe, hukuuliza sana lakini wengi huuliza. Mshahara wake wa mwezi haugeuki wote kuwa haramu kwa sababu ya filta moja. Ujira wa kazi aliyoifanya ni wake. Akiwa ameichukua filta mpya kutoka stoo akaenda kuiuza, amekuhini wewe na amemhini mwajiri wake, na madai ya wote wawili yatamngoja. Akiwa ameamrishwa na msimamizi atie tiki ili magari yatoke haraka, amri hiyo haimwokoi, kwani hapana utiifu kwa kiumbe katika kumuasi Muumba.

La oili sitakuunga mkono. Bei uliionyeshwa kabla? Kama uliiona ukatia saini, basi imekwisha. Kuuza ghali si kughushi. Maswahaba walimwendea Mtume (s.a.w.) bei zilipopanda Madina wakamwomba awapangie, akakataa, akawaambia kuwa Mwenyezi Mungu ndiye mpanga bei, na kwamba anatumai kukutana na Mola wake pasiwe na mtu anayemdai dhulma ya damu wala mali. Wameipokea Abu Dawud na Tirmidhi. Mwenye duka Kariakoo halipi kodi ya jengo lile la vioo wala hakupi dhamana. Ukichanganya manung'uniko ya bei na madai ya filta, utadhoofisha dai lako la haki, na hata mtu wa mapokezi atapata njia ya kukukwepa.

Nimejiuliza pia juu ya fundi wako wa mtaani. Yeye ana maslahi. Mteja anayemkimbia wakala huenda kwake. Qur'ani imetuamuru tuhakikishe habari kabla hatujawadhuru watu kwa kutojua, katika Suratul-Hujurat aya ya 6. Angekuwa amekuambia tu "hawa hawakubadilisha eya klina, mimi najua kwa kutazama", ningekushauri usijenge kitu juu ya neno lake. Lakini filta ya AC umeiona kwa macho yako, na majani ya mwarobaini hayawezi kujaa na kukauka humo kwa usiku mmoja. Kwa hilo una yakini. Kwa eya klina na breki huna yakini, una shaka tu, na shaka hiyo ipeleke kwao kama swali. Usiipeleke kama tuhuma.

Sasa spana. Hapa ndipo naona moyo wako umeelemea, nami nakuelewa, maana mtu aliyedhulumiwa akiona mali ya aliyemdhulumu iko mkononi mwake huiona kama imeletwa na Mungu.

Wanachuoni wanalo suala mashuhuri linaloitwa dhafar: mtu ana haki juu ya mwenzake, mwenzake hampi, kisha akaipata mali yake, je achukue? Msingi wa wanaoruhusu ni hadithi ya Hind bint Utba, iliyomo katika Bukhari na Muslim. Alimshtakia Mtume (s.a.w.) kuwa mumewe Abu Sufyan ni bahili, hampi cha kumtosha yeye na wanawe ila atakachochukua bila mume kujua. Akamwambia achukue kinachomtosha yeye na mwanawe kwa wema. Wanachuoni wa Kishafi, madhehebu ya wengi wetu huku pwani, wameitolea humo ruhusa kwa mwenye haki aliyeshindwa kuipata. Wapo waliokataa, na hayo ndiyo mashuhuri kwa Imam Ahmad, kwa hadithi ya Abu Dawud na Tirmidhi: mrudishie amana aliyekuamini, wala usimhini aliyekuhini.

Lakini khilafu hiyo haikufikii wewe, kwa mambo mawili. La kwanza, hakuna mwanachuoni anayekuruhusu kujichukulia mali ya mdaiwa ambaye hajakana deni wala hajakataa kulipa. Wao wamekuahidi punguzo. Hata kama huridhiki nalo, hilo si kukana. Na wewe umekwenda mara ngapi, umeonana na nani zaidi ya kijana wa mapokezi? Una risiti, una karatasi ya kazi, na filta chafu bila shaka ulihifadhi. Mtu mwenye ushahidi wa namna hii hawezi kusema ameshindwa kupata haki yake.

La pili ndilo zito zaidi. Deni lako liko juu ya kampuni. Spana huenda si ya kampuni. Mafundi wengi wana visanduku vyao vya vifaa walivyonunua kidogo kidogo kwa mishahara yao, na hata pale ambapo vifaa ni vya karakana, kikipotea hukatwa aliyekitia saini. Ukibaki nayo, utakuwa umemlipisha mtu ambaye humdai, na pengine si yule hata aliyekosa kwenye filta, kwani gari moja hupita mikononi mwa watu wawili watatu. Wala usiseme ni okoto. Okoto ni kitu usichomjua mwenyewe, ukitangaze mwaka mzima. Hii unajua ilikotoka. Basi ni amana, na ikipotea kwa uzembe wako baada ya kujua, itakubidi uilipe.

Maquraishi walimtoa Mtume (s.a.w.) Makka, wakapanga hata kumwua, na huku amana zao ziko nyumbani kwake. Alimwacha nyuma Ali bin Abi Talib (r.a.) ili azirudishe kwa wenyewe, ndipo amfuate Madina. Angeweza kusema hizi zifidie nyumba tunazoziacha. Hakusema.

Mpigie simu karakana leo uwaambie unayo. Usiifanye rehani kwa kuwaambia utairudisha wakikurudishia pesa. Irudishe peke yake, na dai lako lidai peke yake.

Mke wako amesema neno la kheri, ila halijakamilika. Kusengenya ni kumtaja ndugu yako kwa anachokichukia, hata kama unasema kweli. Pamoja na hayo, Mwenyezi Mungu amesema katika Suratun-Nisaa aya ya 148 kuwa hapendi uovu utajwe kwa maneno, isipokuwa kwa aliyedhulumiwa. Imam Nawawi katika Riyadhus-Salihin amezitaja hali sita ambazo kumtaja mtu kunaruhusiwa. Ya kushtaki dhulma kwa mwenye uwezo wa kuiondoa imo, ya kuomba fatwa imo, na ya kuwatahadharisha Waislamu imo. Fatima bint Qays alipokwenda kutaka shauri kuhusu waliomposa, Mtume (s.a.w.) alimwambia waziwazi kuwa Muawiya ni fukara hana mali, na Abu Jahm hashushi fimbo begani, yaani ni mwepesi wa kupiga wanawake. Imo katika Muslim. Hakumficha, kwa sababu aliulizwa na mtu ambaye angeingia hasarani.

Kwa hiyo unaruhusiwa, lakini usianze na WhatsApp. Anza kwa meneja wa huduma, kwa barua yenye namba ya karatasi ya kazi na picha ya filta, uwape muda. Wakikataa, Tume ya Ushindani ipo, na kumlinda mlaji ni sehemu ya kazi yake chini ya Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003. Kushtaki huko si kukiacha kitabu cha Mwenyezi Mungu, ni kutafuta haki kwa njia iliyopo. Baada ya hapo, ukiwatahadharisha ndugu, sema ulichokiona: nililipia filta ya AC, nikakuta ya zamani, nikaenda, wakanijibu hivi. Ukome hapo. Ukiandika "hawa ni wezi wote", umeshawatia ndani mafundi usiowajua, na kila mmoja ana haki ya kukudai Siku ya Kiyama. Jina la kijana wa mapokezi na picha yake usivitume kabisa. Na kama watakurekebishia, uwaambie ndugu hilo pia, kwa kuwa kutangaza kosa na kuficha marekebisho ni aina nyingine ya upunjaji.

Ndugu mmoja akikuuliza ana kwa ana apeleke wapi gari yake, mjibu bila kuzunguka. Huyo amekutaka ushauri.

Limebaki punguzo. Hulazimiki kulikubali. Wewe unadai filta au thamani yake, na hao wanataka haki yako ikusubiri ndani ya mkataba mwingine ambao hamjaufunga. Unaweza kusema: nifungieni filta mpya leo, au nirudishieni pesa. Ukiona punguzo linakufaa, kwa kuwa utarudi kwao hata hivyo kwa ajili ya dhamana, ni sulhu, na sulhu baina ya watu inajuzu maadamu haihalalishi haramu wala kuharamisha halali. Ila kiasi kiandikwe na kutiwa saini, kisiwe chini ya haki yako ila kwa ridhaa yako. Na safari ijayo, kabla hujawakabidhi ufunguo, waambie unataka vipuri vya zamani mkononi. Ni mali yako vile. Mazoea ya gereji kubaki na oili chafu yanafuatwa kwa sababu ni ada inayojulikana na hakuna anayeikataa, lakini ada huondoka ukishurutisha vinginevyo.

Wallahu aalam.