Je, ni lazima titi lote likatwe?

SWALI: Daktari, dada yangu ana saratani ya titi iliyogunduliwa mapema, nasi jamaa tunabishana iwapo likatwe titi lote au uvimbe pekee. Tufuate lipi? – Msomaji, Kayole, Nairobi

JIBU: Mabishano hayo yaliwahi kuwagawanya hata madaktari wa upasuaji, ambao kwa miongo mingi walifuata njia ya William Halsted wa Baltimore ya kuondoa titi pamoja na misuli ya kifua na tezi za kwapani. Bernard Fisher, mpasuaji wa Pittsburgh, alitilia shaka desturi hiyo, na kuanzia mwaka 1976 utafiti wake uliwagawa wanawake kwa bahati nasibu: wengine waliondolewa titi lote, wengine uvimbe tu, na wengine uvimbe kisha wakapewa mionzi. Baada ya miaka 20, makundi hayo hayakutofautiana kwa idadi ya waliosalia hai. Hata hivyo, uvimbe ulirudi katika titi lile lile kwa takriban wanawake 39 katika kila 100 waliokosa mionzi, ilhali waliopata mionzi walikuwa 14 hivi.

Kwa hiyo, kabla ya kuchagua (na uamuzi ni wa dada yako, si wa kikao cha ukoo), amwulize mpasuaji wake kama uvimbe unaweza kuondolewa wote bila kuharibu titi, na kama ataweza kuhudhuria mionzi kwa wiki kadhaa, kwa mfano katika Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta.