Limita ikibana mno, maneno hupotea

Ndugu yangu, umesema wimbo wa kwaya yenu umepata sauti kubwa baada ya kupita kwenye limita (kifaa au programu inayozuia sauti isivuke kikomo), ila maneno hayaeleweki. Umeibana mno. Weka silingi, yaani kikomo cha juu cha sauti inayotoka, kwenye desibeli -1 (dB), uiache hapo. Kisha shusha taratibu kizingiti, yaani kiwango ambacho sauti ikikivuka huanza kubanwa, huku ukitazama mita inayoonyesha sauti inabanwa kiasi gani. Sehemu nzito zikibanwa desibeli 2 au 3, simama. Ukifika 8, zile "t" na "k" zinazoanza maneno zinafifia, na ngoma inabaki mvumo tu.

Rilisi, yaani muda ambao limita huchukua kuiachia sauti baada ya kuibana, ndiyo inayosumbua wengi. Ikiwa fupi sana, besi inakwaruza. Ikiwa ndefu mno, kila pigo la ngoma linawazamisha waimbaji na wanachelewa kuibuka. Mimi huanzia milisekunde 100, halafu nasikiliza pigo moja moja.

Unapolinganisha na wimbo wa awali, sawazisha sauti zote mbili kwanza, maana sikio hupenda chenye sauti kubwa hata kikiwa kimeharibika. Tena Spotify kwa kawaida huushusha wimbo wenye sauti kubwa mno hadi karibu -14 LUFS (kipimo cha ukubwa wa sauti jinsi sikio linavyousikia), kwa hiyo nguvu uliyoilazimisha haimfikii msikilizaji.